Moshi wa Saa Tatu

Wahenga walisema mazoea yana taabu. Wengi wetu tukiisikia methali hii humfikiria mtu aliyezoea wali akapewa ugali mkavu, au aliyeachwa na mwenzake akawa anakunja mkeka peke yake. Hiyo ni taabu ndogo. Iko nyingine kubwa zaidi: mtu hulizoea jambo mpaka akaacha kulitazama, na siku jambo hilo likibadilika, yeye bado anaishi katika jana. Taabu zote mbili zilimpata mzee mmoja wa reli, kubwa ikitangulia na ndogo ikifuata. Ajabu ni kwamba ile ndogo ndiyo iliyomzeesha.

Mwinyimadi alikuwa Mzaramo wa Chole, Kisarawe, na mnyapara wa genge la reli pale Soga, upande wa Kibaha. Watu wanane wa genge lake walitunza kipande cha njia kati ya Soga na Ruvu: kushindilia kokoto, kukaza bolti, kubadilisha mataruma ya chuma yanayolazwa chini ya reli, yakichakaa. Babu yake aliyabeba mataruma hayo begani zamani za Mjerumani, na baba yake aliyapigia nyundo zamani za Mwingereza. Yeye aliirithi nyundo hiyo katika nchi iliyo huru, akajivuna nayo wala hakujaribu kuficha majivuno yake.

Sifa yake kubwa, hata hivyo, ilikuwa kusoma moshi. Enzi hizo magari moshi yalikwenda kwa mvuke, na mtu akisimama karibu na kona ya Soga aliuona moshi ukichomoza juu ya miti ya Ruvu muda mrefu kabla ya treni yenyewe kufika. Mwinyimadi aliutazama kama mama anavyoutazama uji jikoni. Ukiwa mweusi mzito, injini ina mzigo. Ukiwa mweupe mwembamba, imepunguza mwendo darajani. Alikuwa akisema, "Bado tuna muda wa chai," na kweli chai ilinyweka, vikombe vikaoshwa, ndipo treni ikapita. Genge zima lilimwamini.

Mshika bendera wa genge aliitwa Felician, Mnyamwezi wa Tabora, mpole wa sura na mkali wa ulimi. Kila genge lilipofungua reli au kupandisha toroli njiani, kazi yake ilikuwa kwenda ng'ambo ya kona na kusimama na bendera nyekundu ili dereva aione mapema. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na hawa wawili waliutendea utani haki yake. Walitukanana asubuhi badala ya salamu.

"Wewe Mnyamwezi," Mwinyimadi alizoea kusema, "ulikuja pwani na mzigo kichwani, ukaiona reli, ukadhani ni ngazi imeanguka!"

"Na ndiyo maana nimebaki," Felician hujibu. "Nangoja Wazaramo waamke usingizini wanisaidie kuisimamisha."

Watu walicheka mpaka nyundo zikawatoka mikononi. Mkewe Felician, Honorata, naye hakuachwa nyuma. Mwinyimadi akipita mlangoni pake, mama huyo alimwita mwizi wa nazi na kumkaribisha chakula kwa pumzi hiyo hiyo.

Kwa kuwa moshi ulikuwa mwaminifu, bendera ilianza kuonekana kama kazi ya bure. Mwinyimadi alipopungukiwa na mikono alipiga kelele kuelekea konani, "Mtani, njoo unyanyue! Moshi haujatoka!" Felician alikuja, akanyanyua, akarudi. Miaka kumi na miwili walifanya hivyo bila hata kuku kukanyagwa.

Kisha zikaja injini za dizeli. Hazikuja zote kwa siku moja; leo ilipita ya mvuke, kesho ya dizeli, keshokutwa ya mvuke tena. Mkaguzi wa njia alikuja Soga akawakusanya mafundi na vibarua, akawaeleza taratibu: toroli lisiguse reli kabla mnyapara hajauliza stesheni ni treni gani iko njiani, na mshika bendera asiondoke mahali pake kwa sababu yoyote. Dizeli, alisema, ina mwendo wa kasi na haina moshi wa kuonekana mbali.

"Gari moshi lisilo na moshi," Mwinyimadi alinong'ona, "si ndiyo mchuzi usio na chumvi?" Vijana wakaangua kicheko, mkaguzi akadhani wamemfurahia.

Wilbrod, stesheni masta wa Soga, aliyekuwa na umri wa kuwa mwanawe, alimwendea Mwinyimadi baadaye kwa adabu. "Shikamoo, mzee. Tafadhali uwe unapita kuniuliza asubuhi. Ni dakika moja tu."

"Marahaba, mwanangu. Nitapita." Alipita siku tatu. Siku ya nne alitazama juu ya miti kama kawaida, na ikawa hivyo.

Mara moja dizeli iliwatokea ghafla konani. Walikuwa wakitengeneza tu kingo za njia, wakaruka pembeni, na birika lao la chai likabaki relini. Treni ilipokwisha kupita, birika lilikuwa bapa. Mwinyimadi aliliinua akacheka hadi machozi. Felician hakucheka.

"Mtani," alisema walipokuwa wakirudi kambini, "kuanzia kesho usiniite nikiwa konani. Acha nisimame na bendera yangu."

"Hee! Mnyamwezi ameanza kuogopa kufa!"

"Leo sikutanii, Mwinyimadi."

"Na maneno hayo ndiyo mwanzo wa utani wenyewe!" Mwinyimadi alimpiga begani. Felician alimtazama kidogo, kisha akatabasamu kwa sababu alizoea kutabasamu, na mazungumzo yakaishia hapo. Kama angeapa kwa kaburi la babu yake, au angemlilia, labda angesikika. Lakini mtu na mtani wake watazungumza lugha gani nyingine?

Masika ya mwaka 1974, wakati watu wa mabondeni wakihamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, mvua ilikula kokoto karibu na kona. Genge lilitakiwa kupeleka mataruma mapya upesi. Asubuhi ile vijana wawili walikuwa na homa. Mwinyimadi hakupita stesheni. Walipandisha toroli relini, wakapakia mataruma, na Felician akaenda konani na bendera yake. Toroli lilipofika kwenye tope lililofunika reli likakwama, na mikono ikawa haitoshi.

Treni ya abiria kutoka bara ilikuwa ya saa tatu, na siku zote ilivutwa na injini ya mvuke. Mwinyimadi aliinua macho. Mbingu juu ya Ruvu ilikuwa nyeupe kama shuka lililofuliwa.

"Mtani! Njoo unyanyue! Moshi haujatoka!"

Felician alisita. Waliokuwapo walisema baadaye kwamba alisimama pale kwa muda, bendera mkononi, akitazama huku na kule. Kisha akaja.

Waliisikia honi treni ikiwa tayari imefika konani. Siku ile treni ya saa tatu ilivutwa na dizeli. Watu waliruka, kila mmoja upande wake, na Mwinyimadi aliruka pamoja nao. Miguu haikumwomba ruhusa. Felician peke yake alibaki. Aliliona toroli limesheheni chuma na treni imejaa watu, akaweka bega lake chini ya ubao kulipindua.

"Mtani, shika huku!"

Mwinyimadi alilisikia neno hilo akiwa ameshalala majanini. Toroli lilipinduka nusu. Mataruma mengi yalianguka nje ya reli; yaliyobaki yalirushwa na injini, na moja likampata Felician kifuani. Treni ilisimama mbali huko mbele, magurudumu yote relini. Abiria walishuka wakiwa wazima, wakiulizana kumetokea nini.

Wakubwa walikuja wakauliza swali moja: kwa nini mshika bendera hakuwa mahali pake? Vijana walimtazama mnyapara wao. Mnyapara alitazama chini. Kimya kile kikaandikwa kuwa jibu, na kabla ya jua kutua, Soga nzima ilikuwa ikinong'ona kwamba Felician aliacha bendera yake, akajiua kwa uzembe, na nusura aue na wenzake. Maneno hayo yalimfikia Honorata akiwa amekaa karibu na maiti.

Siku ya mazishi padri alisali, watu wakaimba, kisha wote wakageuka kumtazama Mwinyimadi. Kwa desturi, mtani hatakiwi kulia msibani. Yeye ndiye wa kumuigiza marehemu, kumsimanga, kuwachekesha wafiwa ili huzuni ipate mahali pa kupumulia. Mwinyimadi alikaa kama gogo.

"Mwizi wa nazi," Honorata alimwita, sauti imekauka kwa kulia. "Mtani wako analala. Utamwacha aende kama mtu asiye na mtani?"

Mwinyimadi akasimama. Aliichukua bendera nyekundu iliyokuwa imeegemezwa ukutani, akaenda katikati ya uwanja, akasimama alivyokuwa akisimama Felician: tumbo mbele, shingo ndefu, kofia upande. Watu walimtambua marehemu mara moja, na kicheko cha kwanza kikatoka katikati ya machozi. Hata Honorata alitabasamu.

"Huyu ndiye Mnyamwezi," Mwinyimadi alisema. "Amesimama konani. Hajaondoka. Sasa mtazameni mnyapara." Akavuka upande wa pili, akajikunja, akaweka kiganja juu ya macho. "Mtani! Njoo unyanyue! Moshi haujatoka!"

Watu wakacheka.

"Mimi ndiye niliyemwita. Alikuwa mahali pake, nikamwondoa."

Wakacheka zaidi, maana aliisema kwa sauti ile ile ya kila siku.

"Jamani, sitanii!"

Kicheko kikapanda. Mzee mmoja alijifuta machozi akasema Mzaramo huyu ni hodari. Mwinyimadi alizunguka akiwatazama mmoja mmoja, mdomo wazi, na hapo ndipo alipoelewa Felician alijisikiaje siku ile ya birika. Alipiga magoti kwenye tope. "Alinikataza! Aliniambia nisimwite! Aliniita nishike toroli, nikamwacha! Sitanii, wallahi sitanii!"

Honorata ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Uwanja ukanyamaza kidogo kidogo. Alimwendea Mwinyimadi, akaichukua bendera kutoka mkononi mwake bila kuivuta, akaikunja, akaiweka juu ya jeneza. 

Mwinyimadi alikwenda mwenyewe kwa wakubwa, akaeleza yote na Wilbrod akiandika. Jina la Felician likasafishwa. Yeye aliachishwa unyapara, na hakulalamika.

Honorata alikaa Soga mpaka arobaini. Mwinyimadi alipita mlangoni pake kila asubuhi. Alimpa salamu, naye akaitika vizuri. Siku ya safari ya kurudi Tabora, Mwinyimadi alimbebea sanduku hadi stesheni, akaliweka ndani ya behewa, akashuka akasimama chini ya dirisha. Alikuwa na tamaa moja tu duniani: aitwe mwizi wa nazi. Tusi moja lingetosha kumwambia kwamba bado ana mtani.

Honorata alimtazama kutoka dirishani. Uso wake haukuwa na chuki, na hilo lilimuumiza zaidi.

"Kwaheri, Mzee Mwinyimadi," alisema.

Treni ikaondoka, ikapinda kona, ikapotea. Zamani, ukimsindikiza mtu, ulibaki ukiutazama moshi wake juu ya miti hadi Ruvu, ukawa kama bado uko naye. Mwinyimadi alisimama pale stesheni, kiganja juu ya macho, akitafuta moshi katika mbingu nyeupe. Wilbrod alitaka kumwambia kwamba ilikuwa dizeli, akashindwa. Mzee alijua. Alijua kuliko mtu yeyote, na bado alitazama, kwa maana kweli mazoea yana taabu.