Siwa ya Sultani katika Tovuti

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana hata masultani walikwisha kuwa na tovuti, palikuwa na fukara mmoja jina lake Shaweji. Alijipatia riziki kwa sindano na kwa kompyuta, na mwenyewe akikiri kuwa vyote viwili vilimshinda.

Basi Sultani Mwinyimvua akamwita, akasema, "Nataka programu-jalizi, kipande cha kupachika katika tovuti yangu, ili kila aifunguaye aione picha yangu na kusikia siwa, baragumu yangu ya enzi, ikilia."

"Inshallah, bwana wangu. Nitaijaribu kwanza katika nakala ya tovuti, pembeni, pasipo macho ya watu."

Sultani akakunja uso. "Fundi hodari hajaribu! Tangu leo, kila kazi ya ikulu hii ifanywe juu ya kitu chenyewe, hali kinatumika. Ipachike kesho mbele ya baraza. Ikiharibika, utahama mji huu."

Shaweji akaingiwa na hofu kubwa, kwa kuwa alijijua. Hajapata maishani mwake kuandika mistari miwili bila kukosea mitatu.

Ikawa asubuhi, baraza limejaa, Shaweji akaingia na mkasi, akalishika joho la Sultani ubavuni, akakata.

"Ewe mwendawazimu!" Sultani akaruka. "Wafanya nini?"

"Wiki jana uliniagiza nilitie joho hili mfuko, bwana wangu. Tulia, nisije nikakata na kisichokuwa joho."

"Ningoje nilivue! Tena ujaribu kwanza kwenye kitambaa kibovu!"

"Kujaribu nimekatazwa, na kitu kifanyiwe kazi hali kinatumika. Fundi hodari hana neno, bwana wangu. Ila mimi juzi nilishona kanzu yangu pamoja na mkeka, nikatoka navyo barabarani."

Baraza lote likaangua kicheko. Sultani akakitazama kipande cha joho lake sakafuni, naye akacheka hata machozi, akaifuta amri yake palepale. Kisha wakaingia chumbani wao wawili, wakaifungua nakala ya tovuti, na Shaweji akaipachika ile kazi yake.

Siwa ikalia bila kukoma, na picha ya Sultani ikatokea miguu juu, kichwa chini.

Sultani akauliza kwa sauti ndogo, "Haya ndiyo ambayo watu wangu wangeyaona?"

"Ndiyo, bwana wangu," akajibu Shaweji. "Nami nilikuwa na hakika kwamba safari hii nimepatia."