Ndoo ya Fundi Tembo

Zamani za kale kabisa, wanyama walipokuwa na nyumba, majirani na Chama cha Mafundi, aliishi mama mmoja aitwaye Nguchiro. Alikuwa mdogo wa umbo na mwepesi wa miguu, mama wa watoto watatu. Nyumba yake ya nyasi ilikuwa juu ya kilima. Ilikuwa nyumba nzuri, ila paa lake lilikuwa na tundu moja, juu ya kitanda, na mvua ikinyesha lilisema to, to, to mpaka asubuhi.

Tundu moja tu, wanangu. Likumbukeni hilo.

Nguchiro akamwita Fundi Tembo. Tembo akaja, akatua ndoo yake, akatazama juu kwa muda mrefu, akasikitika kwa mkonga mzima.

"Mama Nguchiro, nani alikuezekea paa hili?"

"Wewe, baba."

Tembo akakohoa kidogo. "Ndiyo maana nakwambia limeoza. Nalijua mimi. Hapa hakuna kiraka, mama. Hapa tunashusha lote."

"Mimi nilitaka tundu lizibwe, basi."

"Ukiziba hapa litatoboka pale. Tuachie wenyewe kazi yetu."

Akanyoosha mkonga. Kwaruuu! Paa lote likawa chini kabla mama hajamaliza kusema "ngoja". Kisha Tembo akala malipo ya kuanzia, na hapa nasema akala kwa sababu yalikuwa ndizi. Akalikagua rundo la nyasi mpya lililokuwa uani, akatikisa kichwa kama aliyeridhika.

"Nyasi zipo. Nafuata kamba, sasa hivi narudi. Ndoo yangu naiacha hapa."

Akaenda. Ndoo ikabaki. Ikabaki kesho yake na kesho kutwa, mwezi ukafa na mwingine ukaandama, ndoo iko palepale.

Asubuhi moja kivuli kikapita sakafuni. Mwewe akatua juu ya ukuta, akachungulia ndani kama mgeni mwenye adabu.

"Umeamkaje, mama? Naona mmefungua kwa juu. Nyumba imepata hewa."

"Ni matengenezo," akasema Nguchiro, akiwasukuma watoto nyuma yake.

"Jambo jema. Kumbe ni watatu? Nilidhani wawili."

"Nenda zako."

"Naenda. Sina haraka. Nimemwona fundi wako huko chini, naye hana."

Tangu siku hiyo Nguchiro hakupata usingizi wa mchana. Aliifunika ile ndoo kifudifudi, ukingo mmoja juu ya jiwe, na watoto wakafundishwa: mkiona kivuli, ingieni. Ndoo ya Tembo ni kubwa kama chumba cha wageni. Mwewe aliigonga kwa mdomo, ko ko ko, akaondoka na njaa yake. Ndoo ikawa imefanya kazi kuliko mwenyewe. Lakini mtoto hakui ndani ya ndoo, na siku moja Tuku, yule mdogo, alichelewa kuingia, ukucha ukamchana mkia.

Nguchiro akasema: basi.

Bondeni kulikuwa na fundi mwingine, Nyani, aliyekuwa akiezeka banda la wageni la Mzee Simba. Nguchiro akamsihi, Nyani akapanda kilima. Alipoiona ndoo alirudi hatua nyuma.

"Ile si ndoo ya Tembo?"

"Ni yake."

"Basi mimi hapa sijafika, wala hujaniona. Fundi hagusi kazi yenye kifaa cha mwenzake. Nikigusa, nafukuzwa chamani."

"Lakini mwenyewe hayupo."

"Kifaa kipo," akasema Nyani, akashuka.

Nguchiro akaenda kumtafuta Tembo. Akamkuta amesimama sebuleni kwa Kanga, paa la Kanga liko mkongani. Kanga mwenyewe yuko pembeni, bado anasema "ngoja".

"Ah, mama! Nilikuwa njiani nakuja kwako."

"Njia ya kwangu siku hizi inapita sebuleni kwa Kanga?"

"Nimeingia mara moja tu, kuuliza kamba. Unajua tulipata msiba. Bibi alifariki."

"Pole. Mwezi uliopita pia alifariki bibi."

"Yule wa upande wa mama."

"Na kabla ya hapo?"

"Sisi tembo tuna ukoo mkubwa," akasema Tembo kwa huzuni. "Lakini kesho, alfajiri na mapema. Kwani ndoo yangu haipo pale kwako?"

"Ipo."

"Basi na mimi nipo. Wasiwasi wa nini?"

Ikabaki ofisi. Chama cha Mafundi kilikuwa na ofisi kando ya kinamasi, na ofisi ilikuwa na Katibu, Bwana Korongo. Mlango haikuwa nao, ulikuwa kwa fundi. Kiti nacho kilikuwa kwa fundi, ndiyo maana Katibu alisimama, na kwa kubana matumizi alisimama kwa mguu mmoja.

"Nimekuja na malalamiko," akasema Nguchiro.

"Malalamiko ni Jumanne."

"Leo ni Jumanne."

Korongo akabadilisha mguu. "Haya, sema."

Nguchiro akaeleza tundu, paa, ndoo, Mwewe. Korongo akasikiliza macho yamefumbwa.

"Mama, kanuni yetu ni moja na inatosha. Penye kifaa cha fundi, kazi ni ya fundi huyo, naye ana wajibu wa kuimaliza. Mwingine haigusi."

"Aimalize lini?"

"Kanuni haitaji lini."

"Na kama hayupo?"

"Kifaa kikiwepo, yupo."

Nguchiro akasogea karibu. Kisha akauliza polepole, kama mtoto anayeuliza njia, "Na kanuni inauliza kifaa kimefikaje pale?"

"Kanuni haiulizi. Kanuni inatazama. Ikikiona, imemaliza."

"Na ni kwa nyumba zote? Hata za wakubwa?"

Hapo Korongo akaona ametukanwa. Akasimama kwa miguu yote miwili. "Chama hiki hakina upendeleo, mama! Ni kwa nyumba zote, hata ya Mzee Simba!"

"Ahsante, Katibu. Umenisaidia sana."

Korongo akabaki amekodoa macho. Maneno hayo hayakuwahi kusikika katika ofisi ile.

Sasa sikilizeni vizuri. Kesho yake, jua la utosi, Mzee Simba alikuwa amelala, kama kila simba alalavyo akishiba. Nyani alikuwa amekwenda kula, kama kila fundi aendavyo, hata asiyefanya kazi asubuhi. Huko kilimani Nguchiro akachimba chini ya ukingo wa ndoo, chapu chapu chapu, mpaka ndoo ikapinduka na kulala ubavu. Pu!

"Ingieni," akawaambia watoto. "Shikaneni. Atakayecheka tukifika chini, hatapata chakula."

Akaweka miguu ya mbele, akasukuma. Gudu. Gudu gudu. Gudugudugudugudu! Ndoo ikashika mteremko, Nguchiro anakimbia nyuma yake. Juu angani Mwewe akaona ndoo inayotembea na kuchekacheka, akazunguka mara ya pili ili ahakikishe. Alikuwa ameona mengi, hilo hakuwa ameliona.

Ndoo ikapita lango la ua wa Simba, ikasimama chini ya ngazi ya Nyani. Watoto wakatoka wanapepesuka. Kurudi ndiko kulikokuwa na kazi, maana ndoo imebaki bondeni na kilima hakina paa. Wakapanda kichaka kwa kichaka, wamejibana ardhini. Ikabaki ile nafasi ya wazi, kutoka kichaka cha mwisho mpaka uani.

"Rundo la nyasi," akanong'ona mama. "Msitazame juu."

Fyuuuu! Mwewe akashuka. Vutu! Watoto wakazama ndani ya nyasi. Mwewe akainuka na mdomo uliojaa majani makavu, akaenda kukaa juu ya mti mkavu, akayatema moja moja.

"Nitangoja," akasema. "Nyasi haziwezi kuwa nyumba."

Huko bondeni Nyani alirudi kutoka kula akichokonoa meno. Akaiona ndoo. Akasimama. Akaitazama upande huu na upande huu, kisha akaanza kukusanya vifaa vyake.

Simba akafungua jicho moja. "Unakwenda wapi? Wakwe zangu wanafika kesho."

"Kazi si yangu tena, Mzee. Ile pale ni ndoo ya Tembo."

"Mimi na ndoo wapi na wapi?"

"Muulize Katibu. Mimi ni mwanachama tu."

Korongo akaletwa. Akaitazama ndoo, akamtazama Simba, akatamani kanuni ingekuwa na upendeleo kidogo. Lakini jana yake, baada ya ofisi, alikuwa ameshatamba hata sokoni, mbele ya kila mtu, kwamba haina.

"Penye kifaa cha fundi," akasema kwa sauti nyembamba, "kazi ni ya fundi huyo, naye ana wajibu wa kuimaliza."

"Niitieni huyo fundi."

Tembo alifika siku ileile aliyoitwa. Wazee wa pale walisema hawajapata kuona jambo kama hilo.

"Ndoo hii ni yako?" akauliza Simba.

Tembo akaikodolea. Ilikuwa na alama ya mguu wake ubavuni. Akisema si yake, ndoo zake zote, majembe na ngazi alizoacha nyumba baada ya nyumba zitageuka takataka, na fundi yeyote ataingia popote apendapo. Akisema ni yake... Akamtazama Korongo. Korongo akatazama mawingu.

"Ni yangu, Mzee."

"Na kazi?"

"Ni yangu pia. Sasa, kesho alfajiri na mapema..."

Simba akainuka, akajinyoosha, akaenda kukaa katikati ya lango. "Mimi nina nafasi leo."

"Basi nafuata kamba."

"Kamba utaletewa."

Nyani, akiwa hana kazi na mchana bado mrefu, akamkumbuka yule mama aliyemsihi, akapanda kilima kwenda kwake. Akamkuta Nguchiro amekaa mlangoni kama mtu asiyengoja chochote.

"Leo umetoka mapema, Fundi."

"We acha tu, mama." Akaangaza macho uani. "Ndoo ya Tembo iko wapi?"

"Wewe unaiona?"

"Siioni."

"Basi haipo. Kanuni si inatazama?"

Nyani akakuna kidevu. Hakupata kosa. Akapanda ukutani, akatoa kamba yake, akaanza kuezeka huku akipiga mluzi, na tuseme ukweli, alijua kazi. Fundi akiwa kazini kweli unapenda kumtazama.

Ila kulikuwa na jambo. Kila fungu lililopanda juu lilitoka kwenye lile rundo, na watoto walikuwa chini ya rundo. Paa likiongezeka, rundo linapungua. Mwewe aliliona hilo mapema, akasogea tawi la karibu.

"Pumzika kidogo, Fundi," akaita kwa upole. "Jua kali hili."

Rundo likafika kiunoni mwa Nyani, likafika gotini. Ncha ya mkia wa Tuku ikaonekana. Nusu ya paa ilikuwa imefungwa, nusu mbingu tupu. Hapo Nyani akashuka, akapangusa mikono.

"Mama, nimekuachia pazuri. Kesho alfajiri namalizia. Kamba yangu naiacha hapa."

Nguchiro akamtazama Mwewe. Akautazama ule mkia. Kisha akaiokota kamba, akaikunja vizuri, kwa heshima.

"Iache tu, Fundi. Ila nikwambie mapema, hapa kwangu ni kilimani, vitu vina tabia ya kuteremka. Hata ndoo ya Tembo iliachwa hapahapa."

Kutoka bondeni ikapanda sauti ya Tembo akihema, na sauti ya Simba, tulivu: "Pale umeruka. Rudia."

Nyani akaitazama kamba. Akatazama bonde. Akamtazama mama yule, ambaye hakumfika hata gotini.

"Kumbe ni wewe..."

"Kanuni haiulizi, Fundi."

Nyani akachukua kamba, akapanda tena ukutani. Safari hii hakupiga mluzi. Mikono ilikwenda, kaza, funga, kaza, funga, mpaka fungu la mwisho likainuliwa kutoka chini na watoto watatu wakabaki juu ya udongo mtupu, wanapepesa macho.

Mwewe akajiachia kutoka tawini, fyuuuu! Lakini kutoka pale mpaka mlangoni ni mruko mmoja kwa nguchiro aliyefundishwa vizuri, na hao walifundishwa. Mlango ukafungwa, pa! Mwewe akatua juu ya paa jipya, akakwaruza hapa, akakwaruza pale.

"Mama," akaita, "mbona sioni kitu humu?"

"Ndiyo matengenezo yenyewe, baba."

Jioni ile mvua ikashuka. Nguchiro akalala chali kitandani, watoto wamemlalia, akitegea sikio lile to, to, to. Halikuja. Tembo naye alimaliza banda la wageni, akageuka kuaga, lakini Simba akakumbuka kwamba jiko nalo linavuja, na ndoo bado ipo palepale.

Na funzo lenyewe, wanangu, ni hili: anayejificha nyuma ya kanuni ili akwepe kazi, kanuni hiyohiyo itamshika na kumrudisha kazini.