Kamba ya Kindi

Paukwa!

Pakawa mnazi!

Mnazi wa nani?

Wa mwenye kamba nzima!

Na mwenye kamba mbovu?

Abaki chini na sisi!

Haya, kaeni vizuri, na aliye na mdogo wake ampakate.

Hapo zamani, zamani za kale, hata wanyama wa mitini walikwea kwa kamba. Kamba ndefu ya kiunoni, inazunguka mnazi. Kamba fupi, kitanzi cha miguuni. Na palikuwa na desturi: mkwezi hakagui kamba yake mwenyewe. Anampa mwenzake. Mwenzake anaivuta, anaipapasa, kisha anasema, "Nzima." Asiposema nzima, hakwei mtu. Kwa nini? Kwa sababu jicho la mwenye kamba limeshaizoea, halioni tena kasoro.

Mkwezi wa nchi ile alikuwa Ngedere. Ukitaka madafu, Ngedere. Ukitaka makuti yapunguzwe, Ngedere. Watu walimwita fundi, na akilisikia neno hilo mkia wake ulisimama wenyewe.

Kisha akaja Kindi. Mdogo, mpole, kamba kaipata juzi tu.

Siku moja Bi Mwanakheri, mama mwenye mtoto mchanga, aliwaita wote wawili. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na minazi mitatu mirefu. Makuti makavu yalining'inia juu ya paa, na jana yake nazi ilianguka ikapiga ukingo wa mkeka aliolazwa mtoto.

"Kaka zangu," alisema, "tangu jana namfungia mtoto ndani. Nisaidieni."

Mnazi wa kwanza aliukwea Ngedere. Kindi aliikagua kamba yake, akaivuta, akaipapasa. "Nzima, kaka. Lakini hapa itakuchubua." Akachana kipande cha kitambaa chake mwenyewe, akakizungushia pale penye kukwaruza. Ngedere hakusema hata ahsante.

Akakwea mbio. Nazi zikaanguka pu! pu! pu! Kuti moja likatoboa paa. Mtoto akalia.

"Ahsante, fundi," alisema Bi Mwanakheri, huku amemziba mtoto masikio.

Mnazi wa pili aliukwea Kindi. Ngedere aliikagua kamba, akasema, "Nzima." Na kweli ilikuwa nzima.

Kindi alipanda taratibu. Alipofika chini ya makuti alisimama, akaita, "Chini hakuna mtu?"

"Hakuna!"

Ndipo akaanza. Alikata makavu tu, mabichi akayaacha.

"We Kindi, mbona unabakiza kazi?" Ngedere alimpigia kelele.

"Kichwa cha mnazi ni kama cha mtoto, kaka. Ukimnyoa usiuguse utosi."

Nazi hakuzitupa. Alizifunga kwa kamba nyingine, akaziteremsha polepole. Mtoto akalala usingizi mtamu.

Bi Mwanakheri alicheka kwa furaha. "Mwanangu hata hakushtuka! Mikono hii ina baraka." Akachukua dafu la kwanza, lile la heshima, akampa Kindi.

Ngedere alilitazama dafu lile. Miaka yote lilikuwa lake. Akaokota kuti kavu, akalivunja vipande vipande.

Ukabaki mnazi wa tatu, mrefu kuliko yote, umeinamia nyumba.

"Huu amalizie Kindi," alisema Bi Mwanakheri. "Wewe kaka pumzika, umechoka."

Alisema kwa wema. Lakini neno pumzika lilimchoma Ngedere kama siafu. Yeye apumzike! Tangu lini?

Kindi akaleta kamba. Ngedere akaivuta, akaipapasa. Chini ya fundo vidole vyake vikasimama. Kamba ilikuwa ya nyuzi tatu. Mbili zilikuwa zimekatika, zimelika kwenye mnazi wa pili.

Akainua macho. Kindi alikuwa amemnyooshea dafu. "Nimekubakishia nusu, kaka."

Ole wake mwenye wivu! Hata wema ukimjia, yeye huona ni mwiba.

"Nzima," alisema Ngedere.

"Ukisema wewe, fundi, basi imekwisha." Kindi hakuitazama mara mbili. Akakwea.

Moyo ukamwambia Ngedere, "Sema." Wivu ukajibu, "Ngoja afike robo." Akafika robo. "Sema." "Ngoja afike nusu." Akafika nusu. "Sema!" "Ngoja afike juu."

Akafika juu. "Chini hakuna mtu?" akaita, kwa sauti yake ileile ya adabu.

Hapo Ngedere akashindwa kujizuia.

"Kindi! Usiegemee kamba! Ni mbovu! Kumbatia mnazi!"

Akanyakua kamba yake. Hapakuwa na wa kuikagua. Akapanda mbio kuliko alivyowahi kupanda, akamfikia Kindi, akamfunga kamba yake mwenyewe. Alipokaza fundo tu, twa! Kamba ya Kindi ikakatika, ikaanguka chini kama nyoka.

Sasa Ngedere hakuwa na kamba. Akashika kilichokuwa karibu, kuti kavu. Kila mkwezi anajua kuwa kuti kavu halishikwi. Likachomoka.

Akaanguka juu ya lundo la makuti. Roho ilibaki, mguu ukavunjika.

Bi Mwanakheri alimkimbilia, akakilaza kichwa chake mapajani. "Pole, kaka! Umemwokoa mwenzako! Fundi wa mafundi ni wewe!"

Sifa aliyoililia siku nzima ndiyo hiyo, imekuja yenyewe. Angenyamaza tu, ingekuwa yake.

"Usinisifu, dada," alisema Ngedere. "Niliona ni mbovu. Nilisema nzima."

Kindi alikuwa ameshashuka. Alisikia. Hakutukana. Alichonga vijiti vya makuti, akaufunga ule mguu vizuri, taratibu, kama anavyofanya kila kitu. Kisha akamrudishia kamba yake.

"Mguu utapona, kaka. Chakula nitakuletea mpaka upone. Lakini kamba yangu hutaishika tena."

Na chakula alileta, kila siku. Na kamba hakumpa mtu tena. Mnazi wa tatu aliumaliza kesho yake kwa kucha tupu, na mtoto akatandikiwa mkeka nje.

Ndiyo maana mpaka leo Kindi hukwea peke yake, bila kamba ya mtu. Naye Ngedere, mkimkuta amekaa na wenzake, mtamwona anawapapasa mgongoni, unywele kwa unywele. Anakagua. Hataki tena kuona kasoro akanyamaza.

Watoto wangu, wivu ni kasoro ndani ya moyo, na mwenye nao haioni. Na mtu akikuamini, umeshika uhai wake mkononi. Ukiona ubovu, sema akiwa bado chini.

Hadithi yangu imeshuka mnazini salama. Mwenye yake na akwee, sisi tutamkagulia kamba.