Mayai Thelathini na Ufunguo Mmoja

Sogeeni, lakini nawaonya mapema: atakayeniuliza jibu, nitamrudishia swali.

Kule Rungwe palikuwa na ndugu watatu wa tumbo moja. Tusekile alikuwa na sikio. Gari likipita barabarani, atakuambia linaumwa wapi. Ambakisye alikuwa na mikono ambayo hakuna nati iliyowahi kuishinda. Lugano, kitinda mimba, alikuwa na jicho: palipo na takataka, yeye anaona kifaa. Baba yao alipofariki aliwaachia lori moja bovu, limelala uani.

Baba yao mkubwa, mzee Mwasomola, msimamizi wa mirathi, akaja na mnunuzi wa chuma chakavu.

"Shikamoo, baba mkubwa," alisema Tusekile, damu inamchemka. "Lori haliuzwi."

"Marahaba. Lori gani? Hili linalorukaruka kama mbuzi? Nani atalipakia mzigo? Haya, Jumamosi lipite njia ya kanisani na trei ya mayai nyuma. Likipasuka yai moja, lori linakatwakatwa."

Mafundi wote walisema kilichokufa ni springi. Tusekile akapanda bampa, akashuka ghafla, akasikiliza. Lori likanesa, likanesa, likanesa tena. "Springi nzima kabisa," alisema. "Shokapu ndizo zimekwisha, hakuna cha kulituliza." Akamuuza mbuzi wake wa pekee, akaenda gereji mjini, akabonyeza shokapu kuukuu moja moja mpaka akapata nne zinazorudi taratibu.

Ambakisye akainua lori kwa jeki, akaweka magogo chini. Nati zilikuwa zimeganda kwa kutu. Akazimwagia mafuta ya taa, akangoja, akagonga, akazungusha, siku mbili nzima.

"Kata kwa moto, unajitesa bure," jirani alimwambia.

"Nikikata, bolti za kurudishia utanipa wewe?"

Zikaachia, na ngozi ya viganja vyake ikaenda nazo.

Kumbe bado! Shokapu hukaa kwenye vipande vya mpira, chuma kisigonge chuma, na vile vya zamani vilikuwa vimeoza. Ijumaa jioni, maduka yamefungwa. Lugano akavua makatambuga ya marehemu baba, yale ya tairi, kitu pekee alichoachiwa yeye mwenyewe. Akayakata kwa kisu huku analia. Kila kipande kikakaa sawasawa.

Jumamosi mnunuzi wa chuma akashika usukani mwenyewe, akalenga kila shimo kwa makusudi, mshenzi yule! Waliporudi uani, Tusekile akahesabu mayai kwa sauti ili mzee asikie. Thelathini, yote mazima.

Mzee akachomoa ufunguo wa lori. "Lori halina mabwana watatu. Nampa mmoja. Mkigombana, nauza." Alijua anachofanya.

Mkono wa Tusekile ulikuwa umeshanyooka. Aliutaka ufunguo ule, aliutaka mno. Kisha akaona viganja vya Ambakisye, akaona na miguu pekupeku ya Lugano. Mkono ukabaki hewani, mnunuzi anachekelea.

"Usitupangie, baba mkubwa," alisema. "Mwenye ufunguo tutamtaja sisi, na hatutagombana."

Akawageukia nduguze, nami nawageukia ninyi. Aliyejua ugonjwa, aliyezishinda nati, au aliyekata viatu vya baba yake? Ungekuwa wewe, ungemtaja nani? Na asiniambie mtu wagawane: usukani ni mmoja, na mnunuzi bado amesimama uani.