Nyuki wa Bwana Lugembe

Bi Nyamizi alifuga nyuki jirani na bustani ya tajiri Lugembe. Siku moja tajiri akamshtaki barazani.

"Nyuki wake wanavamia maua yangu. Nataka fidia: asali yote!"

Bi Nyamizi akauliza kwa unyenyekevu, "Bwana mkubwa, wakiwa bustanini kwako, huwa ni nyuki wa nani?"

"Wangu!"

"Basi sina utetezi. Yaandikwe hayo, atie sahihi."

Lugembe akatia sahihi mbio mbio. Hapo mwenyekiti wa baraza akashusha shuka aliyojitanda usoni. Pua ilikuwa imevimba kama papai, ikinuka dawa aliyopakwa na Bi Nyamizi asubuhi ile.

"Jana nilikuletea wito bustanini," akasema kwa tabu. "Nyuki wako wakaniuma. Fidia yangu iko wapi?"

"Nyuki gani? Mimi sina nyuki!" Lugembe akang'aka, akaichana karatasi.

"Basi na asali huna," akasema Bi Nyamizi.