Blanketi Halichaguliwi Juani

Blanketi halichaguliwi juani. Bibi yenu kalisema sasa hivi, mkacheka. Haya, sogeeni niwaambie neno hilo lilikotoka, maana watu wanalisema tu kama kasuku.

Zamani, kabla Kitulo, ule uwanda wa mlimani, haijawa hifadhi, nguruwe pori walikuwa wanashuka kutoka kule juu, wanamaliza viazi vyetu. Basi wanaume wanapanda kuwawinda. Mwezi wa sita, jamani! Kule asubuhi majani yameganda, meupe, ukikanyaga yanalia kama chumvi ya mawe.

Sasa, alikuwepo Lutengano, mtu wa maneno mengi, na shemeji yake Ngajilo, kaka wa mkewe, mpole. Wakaenda mnadani kutafuta cha kulalia huko porini. Jua la saa saba, lile kali. Lutengano akaona mfuko wa kulalia, wa mtumba, unang'aa, una zipu, mwepesi kama karatasi. Akavua viatu, akaingia hapo hapo kwenye nyasi, akafunga mpaka kidevuni. Kidogo tu, jasho!

"Jamani, hili tanuri! Mke wa nini tena?"

Watu hoi kwa kicheko. Ngajilo akasema, "Shemeji, hilo joto ni la jua. Ngoja jioni ujaribu tena."

"Wivu huo! Wewe kanunue gunia."

Akauchukua, akaenda zake. Ngajilo akangoja jua lizame, kibaridi kianze kung'ata, ndipo akapapasa mablanketi moja moja. Akachagua la sufu, zito, linanuka kondoo.

Wakapanda, wakalala kwenye kibanda cha nyasi. Ngajilo akasikia meno ya mwenzake yanagongana, akamwita aje walale pamoja. "Lala wewe, huku joto!" Aibu hiyo.

Alfajiri meno yakanyamaza. Ngajilo akaamka, akamkuta anatabasamu.

"Shemeji, amka."

"Niache. Niko jikoni kwa mama. Moto umekolea. Ananichomea kiazi."

Mama yake alikuwa amekufa kitambo. Ngajilo moyo ukampasuka. Akararua ile zipu, akamvuta, akajifunga naye kifua kwa kifua ndani ya blanketi, anamsugua mgongo.

"Usile hicho kiazi! Nakwambia usile!"

"Kinanukia, shemeji..."

"Kiache! Dada yangu unamwachia nani?"

Nje ukungu ulikuwa unapita taratibu, kama watu wasio na haraka ya kufika. Nguruwe nao wakapita humo humo, wakaenda zao, hakuna aliyewajali. Jua likachomoza. Lutengano akaanza kutetemeka tena, halafu akalia kama mtoto, maana vidole vilivyoganda vinauma damu ikirudi. Ngajilo naye akalia, lakini yeye kwa furaha.

Mnada uliofuata, mchana, mwanamume mmoja alikuwa kajifunika blanketi jipya, anawaonyesha wenzake jasho lake. Lutengano akapita, vidole vimefungwa vitambaa. Watu wakangoja utani. Yeye akamshika yule bwana bega, akamwambia polepole:

"Ndugu yangu, rudi jioni. Blanketi halichaguliwi juani."