Fisi na Dawa ya Damu ya Nguchiro

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisoma hadi chuo kikuu kisha wanarudi kukaa bure nyumbani, alikuwapo Nguchiro mwenye digrii ya baiolojia. Vyeti alikuwa navyo, kazi hakuwa nayo.

Mwaka huo Fisi alirudi kutoka ng'ambo amefunga tai. Hakuwa na maabara, hakuwa na dawa, alikuwa na mdomo tu. Akawaambia Simba, Tembo na Kiboko: "Nguchiro akiumwa na nyoka hafi. Siri iko kwenye jeni zake. Wekeni mtaji, nami nitaichota siri hiyo niitie kwenye chupa. Mkishakunywa, fira atawauma na nyinyi mtacheka tu."

Wakubwa wakaweka mtaji. Jengo la vioo likaota kama uyoga. Nguchiro naye akapeleka sivii yake.

"Uzoefu miaka mingapi?" Fisi akauliza.

"Ukoo wetu unapigana na nyoka tangu dunia iumbwe."

"Huo ni ukoo, dada, si uzoefu. Kazi nimeshawapa wapwa zangu. Wewe tia saini hapa, tukutoe damu kidogo. Unajitolea, my dear. Itapendezesha sivii."

Akatia saini, maskini, kwa njaa ya kazi. Ukurasa wa mwisho hakuusoma. Msomi mzima.

Miaka saba ikapita. Mtaji awamu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wapwa wa Fisi wakanenepa mpaka shingo zikapotea. Na dawa je? Utafiti unaendelea. Nguchiro akazaa watoto watatu, bado hana kazi.

Siku moja wapwa wakaja kwake, ngo ngo ngo.

"Shangazi, ukurasa wa mwisho unasema damu yako na ya uzao wako ni mali ya kampuni. Ijumaa tunazindua dawa. Jumamosi tunakuja kuchukua watoto, wakakae maabara."

"Mtawarudisha lini?"

"Si umesoma wewe? Soma mkataba."

Nguchiro hakulia. Alikasirika mpaka manyoya yakamsimama. Ijumaa akajitwika kapu lenye kifuniko, akaenda kwenye uzinduzi.

Fisi alikuwa amesimama juu ya jukwaa, ameinua chupa. "Waheshimiwa, dawa ya jeni, tayari kabisa."

"Hongera, Mkurugenzi," akasema Nguchiro kutoka nyuma. "Ila kwetu mgeni hanywi kabla mwenyeji hajatoa uchawi. Onja wewe kwanza. Na fira wa kukuuma nimekuletea, tushuhudie sote."

Kapu likasema: fssssss.

"Dada, haya ni mambo ya sayansi. Usituletee ushamba."

"Ushamba?" Tembo akauliza. "Mimi hata togwa sinywi mpaka aliyeipika aonje. Kunywa, bwana."

Fisi akanywa, gubu gubu gubu.

"Safi. Sasa lete mkono," akasema Nguchiro, akisogea na kapu. Fssssss.

"Subiri. Bado iko fezi ya kwanza ya majaribio."

"Juzi ulituambia imekamilika," Kiboko akanguruma.

"Imekamilika kwenye makaratasi."

Nguchiro akalegeza kifuniko. Fssssssss. Fisi akaruka juu ya meza, tai imemkaba.

"Ni maji! Maji ya bomba na sukari! Mfunikeni nyoka huyo!"

"Mkataba wa watoto wangu kwanza," akasema Nguchiro, "ndipo nifunike."

Fisi akautoa mfukoni, akautupa. Nguchiro akauchana, chwaa, chwaa, ukurasa wa mwisho akautafuna na kuutema. Kisha akapindua kapu. Ikadondoka chupa ya soda, iliyotikiswa vizuri na kulegezwa kizibo, ikamrushia Simba povu usoni.

Simba akajipangusa masharubu. "Kumbe hata sisi umetudanganya."

"Yeye kawadanganya miaka saba mkampigia makofi, mzee. Mimi nimewadanganya dakika tano, tena bure."

Akachukua kapu lake akaenda kwa watoto wake, akamwacha Fisi juu ya meza na wakubwa watatu wameizunguka.

Basi sikieni, watoto: asiyethubutu kuijaribu dawa yake mwenyewe, msimpe damu yenu.